Kichupa Kwenye Kichanja

Kisa alitoka nje kuchukua sufuria ya uji wa mwanawe Tuntufye, na hapo kwenye kichanja cha vyombo, katikati ya vikombe na sahani, akakiona kichupa chake. Kimeoshwa. Kimegeuzwa mdomo chini, kinachuruza maji, kinang'aa kama kimetoka dukani leo.

Akakaa palepale chini, kando ya mkeka wa kuanikia kakao, mkono umeshika titi la kushoto lililofungwa bandeji.

Jana mchana, hospitalini, Daktari Ezra alikuwa amemkata kipande kidogo cha nyama kwenye uvimbe ulioota ndani ya titi hilo. Kipimo chenyewe hakifanyiki hapo Kyela. Nyama lazima ifike maabara ya Mbeya, na anayeifikisha ni ndugu wa mgonjwa. Nesi Naila alimkabidhi kichupa, kinyama kinaelea ndani ya dawa, akasema, "Kipelekwe kesho asubuhi. Kisimwagike." Basi. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, nesi akaita mwingine. Gwamaka, mumewe, akakitia kwenye begi lake la safari, na wote wawili hawakumwambia Mama neno. Kisa angeanzia wapi kumtajia mama mkwe habari za titi?

"Mama," aliita sasa, sauti haitoki vizuri. "Mama, hiki kichupa..."

Mama mkwe alichungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Kachupa hako? Nimekaosha kwa sabuni mara mbili. Kalikuwa kananuka dawa hako, we! Katafaa kuwekea chumvi."

"Na kilichokuwa ndani?"

Mama aliuweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akaja akachuchumaa mbele yake.

"Nimekizika, mwanangu. Nilikuwa namtafutia Gwamaka soksi za safari, nikakutana na nyama ya mtu kwenye begi. Nikakumbuka hiyo bandeji yako, nikaelewa. Nimeifunga kwenye jani, nimeizika mgombani, palepale nilipozika kondo la nyuma la Tuntufye. Na nimeiombea."

Gwamaka alitoka ndani akifunga mkanda. "Mama! Umezika kipimo?"

"Nimezika nyama ya mke wako. Wewe ulitaka kuisafirisha pamoja na soksi?"

"Ile ndiyo ilikuwa inakwenda kupimwa kansa!"

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa katika nyumba ile. Bila kuambiwa, Mama akachukua jembe na kutangulia mgombani.

Waliifukua. Jani lilikuwa limetobolewa, siafu wamejaa, na kilichobaki hakikuzidi punje ya mchele. Gwamaka alikirudisha kwenye kichupa mbiombio, kana kwamba haraka ingesaidia kitu.

"Labda tukimiminie gongo," alinong'ona. Hakuna aliyecheka.

"Lakini jamani," Mama alisema, ameegemea jembe, "kibaya si kimeshatoka mwilini? Kimelala ardhini. Kwa nini kisiwe kimekwisha?"

Kisa alitamani iwe hivyo. Mungu anajua alivyotamani. Tuntufye, ambaye hata mwaka hajatimiza, alikuwa mgongoni anamvuta nywele na kucheka peke yake. Ingekuwa rahisi kukubali, kuanika kakao, kunyonyesha, kuendelea kuishi. Lakini chini ya bandeji ule uvimbe ulikuwepo bado, mgumu kama kokwa. Daktari hakuutoa, aliumega tu.

"Upo, Mama. Gusa uone."

Mama aliurudisha mkono wake nyuma kama ameonyeshwa kaa la moto.

Walifika hospitalini bado wana udongo kwenye miguu. Hata "mugonile" Mama aliisahau, yeye asiyepita mbele ya mbuzi wa jirani bila kusalimu. Baada ya kusimuliwa yaliyotokea, Daktari Ezra alikitazama kichupa, akamtazama Gwamaka, akakitazama tena.

"Siafu?"

"Siafu, daktari."

"Mmezika? Hivi nyie watu..."

"Daktari," Naila alimkatiza taratibu. "Nilimwambia kisimwagike. Ni cha nini, sikumwambia."

Daktari akavuta stuli, akakaa mbele ya Mama mpaka macho yao yakawa sawa, ndipo akaeleza alichopaswa kukieleza jana: kwamba kinyama kile hutazamwa kwa mashine ya kukuzia vitu vidogo, na ndicho kinachosema kama ni kansa au siyo, na kama ni yenyewe, ni ya aina gani na inataka dawa ipi. "Bila hicho, mama yangu, tunatibu kwa kubahatisha."

"Kwa hiyo akatwe tena?"

"Akatwe tena."

"Sikatwi," Kisa alisema.

Wote wakageuka. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Jana ganzi iliniisha hamjamaliza kukata. Niling'ata khanga mpaka ikatoboka. Sirudi kwenye kile kitanda."

Naila aliuziba mdomo kwa kiganja. "Mbona hukusema, dada?"

"Nilidhani ndivyo inavyokuwa."

Daktari alijishika kichwa. Alikuwa anatafuta neno la kusema, na Kisa hakuwahi kujua lingekuwa lipi, kwa sababu Mama alikuwa amesimama, amefungua kitenge, na sasa anafungua vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, bila haraka.

"Mama, unafanya nini?" Gwamaka aliuliza, kisha akageukia ukuta upesi na kujifunika macho.

"Basi anza na hili," Mama alimwambia daktari.

Titi la kulia lilikuwa limevutwa kuelekea kwapani, ngozi imekunyata na kuwa na vitobo kama ganda la chungwa, chuchu imezama ndani. Hilo ndilo titi lililomlea Gwamaka. Mwanamke huyu alikuwa akitwanga mpunga, akimbeba mjukuu, akiimba kanisani, na hili liko chini ya blauzi.

"Tangu lini, Mama?" Kisa aliuliza.

"Kabla hujaolewa." Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anataja bei ya ndizi. "Ningemwonyesha nani? Mtoto wa kiume? Shoga yangu Asajile alikuja hapahapa na la kwake, wakamkata, na hakuambiwa kitu mpaka tukamzika. Nikasema, mimi nitanyamaza nalo." Akamgeukia Kisa. "Lakini wewe una mtoto mgongoni. Mimi nikilala pale kwanza, na wewe utalala?"

Kisa alitikisa kichwa kukubali.

Safari hii ganzi ilisubiriwa. Naila alibonyeza pembeni ya titi, akauliza, "Unasikia?" na Mama akajibu, "Nasikia baridi tu," na ndipo kisu kikaguswa. Kila kitu kilitajwa kabla ya kufanywa. Kisa alipomwachia Gwamaka mtoto na kupanda kitandani, Mama alikuwa pembeni, amefungwa bandeji, amemshika mkono. Hakung'ata chochote.

Vichupa viwili vikaandikwa majina kwa herufi kubwa. Gwamaka aliponyoosha mkono avipokee, Mama alimpiga kofi dogo. "Wewe una begi la soksi." Akavifunga ndani ya kitenge, kifuani, wakapanda basi la Mbeya wote watatu na mtoto, na njia nzima hakuuondoa mkono wake hapo.

Kwenye dirisha la maabara kijana mwenye koti jeupe alivishika vichupa. Lakini Mama alikuwa bado ameshikilia upande wake.

"Mkishamaliza kuzisoma, mtanirudishia."

"Nini, mama?"

"Nyama zetu. Zina kwao, kule mgombani."

Kijana alimtazama Kisa kama anaomba msaada. Kisa alimhamishia Tuntufye begani, akasogea dirishani.

"Mkubalie tu, kaka yangu," alisema. "Majibu yakitoka nitakuja kuzichukua mwenyewe."

"Ndaga, mwanangu," Mama alimshukuru kwa Kinyakyusa, na vidole vyake vikaachia.