Ukuta wa Kamati ya Ufundi

Sisi waandishi wa michezo wa huku Kahama tuna jambo moja ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeliandika: kamati ya ufundi. Jina zuri, utadhani wanakaa kupanga mazoezi. Kazi yao ni kupeleka timu kwa mganga. Siku timu ya Katoro ilipokuja kucheza hapa, mganga aliwaambia wasipite geti la uwanja, kuna kitu kimefukiwa pale. Basi vijana wakaruka ukuta wa nyuma, viatu vya mpira miguuni. Boaz, beki wao wa kushoto, akateleza na kuvunjika mguu mbele ya macho yangu.

Mechi ikachezwa, wakashinda. Mwenyekiti wao, Magesa, akatutangazia kwamba Boaz alianguka na bodaboda kwenye starehe zake, kwa hiyo matibabu hayaihusu klabu. Alisema hivyo bila kupepesa macho. Wenzangu wakaandika alivyosema. Mimi nikatuma nilichokiona.

Kesho yake mama yake Boaz akabisha hodi kwangu mtaa wa Nyahanga, akitokea wodini, gazeti mkononi. Nikamwamkia, akaitikia kwa upole, kisha akauliza kama jina lililo juu ya habari ni langu. Nikasema ndiyo. Ndipo nikasoma habari yangu ilivyogeuzwa: beki wa Katoro apata ajali ya bodaboda.

"Ng'wanone," akasema, akiniita mwanawe kwa Kisukuma, "si ulikuwepo?"

Mwanawe alikuwa anasubiri kupasuliwa, na klabu imeshamkana. Gazeti ndilo lilikuwa tegemeo la mama huyo la kuibana klabu ilipe. Nikampigia Charles, mhariri wangu Dar es Salaam. Akasema nisijifanye mgeni, mambo ya kamati hayaandikwi, tukimuudhi mwenyekiti tutakosa habari. Nilikata simu kwa hasira. Mtu amevunjika mguu, sisi tunalinda siri ambayo hata wauza karanga wa uwanjani wanaijua.

Jumamosi Katoro walicheza Shinyanga. Sikukaa kwenye meza ya waandishi. Nilipanda ukuta wa nyuma wa uwanja, nikakaa juu na simu yangu, nikirusha moja kwa moja mtandaoni. Watu walikuwa wameshaanza kutazama Magesa alipotokea na vijana wake nyuma, jezi zimevaliwa. Aliiona simu, akatabasamu.

"Shuka, dada yangu. Utaanguka uumie."

"Nikianguka, mwenyekiti," nikamwambia, "waambie nilikuwa kwenye bodaboda."