Kilo Kumi na Tano za Chenji

Mtaani walimwita Bwana Kilo, na jina likamkaa. Alikuwa akiketi kando ya duka la dawa na mizani yake ya kusimamia, akiwapima watu uzito kwa sarafu moja. Kazi hiyo haimtajirishi mtu, lakini haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chake kilikuwa ndoo kuukuu ya rangi. Kwa miezi minane aliitupia sarafu, zote za aina moja, kwa ajili ya upasuaji wa mkewe.

Siku ilifika ndoo igeuke noti. Hospitali ilitaka noti thelathini kabla ya saa nane mchana, la sivyo kitanda cha kesho angepewa mwingine na mkewe asubiri miezi miwili. Uvimbe wa tumboni haungoji foleni. Tena daktari alikuwa na sharti lake: mgonjwa asishuke chini ya kilo arobaini na mbili. Akishuka hawampasui, mwili hautastahimili. Kwa hilo Bwana Kilo hakuwa na wasiwasi. Kila Jumapili alimpandisha mkewe kwenye mizani chumbani, na kila Jumapili mshale ulisimama kwenye arobaini na tano. Alijisifu kwamba ni ile supu anayompikia.

Ubaya wa chenji ni huu: kila mtu anakudai, na ukimletea haitaki. Benki walimtajia ada ya kuhesabia. Mwenye duka la jumla alisema atakata kumi katika kila mia, tena alisema huku akitabasamu, mwizi yule. Ni mfanyakazi mmoja wa kukanda unga katika kiwanda cha mikate, mteja wake, aliyemnong'oneza siri. Magari yao ya kusambaza mikate yalihitaji chenji kila asubuhi, na keshia alikuwa akiibadilisha bure, kwa kupima uzito. Kilo moja, noti mbili.

"Bure kabisa?"

"Bure, mzee wangu. Wewe peleka tu."

Uzito! Hapo walikuwa wamemfuata kwake. Kuhesabu sarafu moja moja aliwaachia watu wasio na mizani. Kioo cha mizani yake kilikuwa kimepasuka upande wa namba ndogo, akakibandika selotepu hadi kwenye ishirini, maana watu wazima hawafiki huko. Kwa hiyo asubuhi ile, mkewe akiwa bafuni anaoga, alisimama juu ya mizani akiwa ameikumbatia ndoo. Sabini na tatu. Akatoa hamsini na nane, uzito wake mwenyewe, ambao haujabadilika tangu aoe na hauhitaji kupimwa upya. Ikabaki kumi na tano. Noti thelathini kamili!

Aliondoka na ndoo mkono mmoja na mizani kwapani, kwa kuwa baadaye angekwenda kazini. Njiani ndoo ilimwia nyepesi kuliko alivyotarajia, akadhani ni furaha.

Keshia wa kiwanda, mwanamama mwenye miwani na maneno machache, aliimimina ndoo kwenye sinia la mizani kubwa.

"Kumi na moja," alisema.

"Dada, tazama tena. Ni kumi na tano."

"Kumi na moja, mzee. Noti ishirini na mbili."

"Basi mizani yako ni mbovu! Mimi hii ndiyo kazi yangu, unanisikia? Miaka kumi na sita!"

Keshia hakukasirika. Alimwonyesha muhuri wa wakaguzi wa vipimo, kisha akamwambia apande mwenyewe, wamalize ubishi. Bwana Kilo akapanda. Hamsini na nane. Akaitua mizani yake sakafuni, akapanda. Sitini na mbili.

Alishuka, akapanda tena. Sitini na mbili.

Chini ya mizani kuna kigurudumu kidogo cha kusogezea mshale. Yeye hakuwa amekigusa. Sasa alielewa kwa nini wateja wa siku hizi walikuwa wakishuka wakicheka kwamba wamenenepa, na wengine wakimwongezea sarafu. Mizani ililala chini ya kitanda chake kila usiku. Mtu wa pili mle chumbani alikuwa mmoja tu, na mtu huyo alipimwa kila Jumapili. Arobaini na tano, toa nne.

Akakaa juu ya gunia la unga. Noti nane angeweza kuomba, angeweza hata kumpigia magoti yule mwizi wa duka la jumla. Lakini kilo za mwilini humkopeshi mtu. Keshia alimhesabia noti ishirini na mbili, akamtilia mfukoni.

Alimkuta mkewe ameketi kitandani, amevaa gauni la kutokea, mkoba wa hospitali miguuni. Gauni lilikuwa limemwagika mabegani. Vipi hakuliona? Miaka kumi na sita ya kutazama miili ya watu, na hakuliona.

"Zimetosha, baba?"

Aliitua mizani katikati ya chumba, akaipindua, kigurudumu juu. Mkewe alikitazama, kisha akatazama pembeni.

"Nilikuwa nakisogeza kidogo kidogo mpaka ifike arobaini na tano," alisema. "Ungejua, usingetoka kwenda kazini. Ungekaa hapa unanilinda."

"Ningekupeleka mapema! Ningeuza hata mlango!"

"Mlango wenyewe wa mwenye nyumba." Alijaribu kucheka. Kisha akauliza, taratibu, kama mteja anayeogopa kuangalia chini, "Imezidi ngapi?"

"Nne."

Vidole vyake vilikuwa vikihesabu juu ya goti, vikarudia.

"Mimi nilidhani tatu," alisema. "Ibaki arobaini na mbili."