Hofu Iliyokataa Kuja

Mpiga eksirei alikuwa ameiandalia hofu mapokezi kamili. Alikula kidogo asubuhi ili ikija isimtapishe. Alifanya mazoezi ya kuvuta pumzi aliyofundishwa na mwenzake wa kazini. Mumewe alishaambiwa kabisa: akimwona anarudi mchana na macho mekundu, asiulize kitu. Kisha akaenda mashindanoni, akapanda farasi, akaisubiri hofu yake. Haikutokea.

Usimcheke. Kwa miaka kumi na moja kila aliyemjua alijua habari moja tu kumhusu: kwamba zamani alikuwa akiruka viunzi na farasi, tena akitia fora kweli kweli, mpaka siku farasi wake aliposita ghafla mbele ya kiunzi cha tano, yeye akaruka peke yake na kuvunjika mtulinga, ule mfupa wa begani. Baada ya hapo hofu ikamwingia, maskini, akaacha. Mama yake aliwasimulia wageni habari hiyo kwa sauti ya chini, utadhani anataja ugonjwa. Mumewe, aliyemwoa baada ya hayo yote, alikuwa akibadilisha stesheni kila farasi walipotokea kwenye televisheni. Hata yeye mwenyewe, wagonjwa walipolalamika kwamba meza ya eksirei ni ya baridi, aliwaambia, "Vumilia, hata mimi nimelala hapo. Nilikuwa napanda farasi. Siku hizi nikimwona tu magoti yananiisha nguvu." Alisema hivyo kila wiki, wala hakujiuliza ni lini hasa magoti hayo yaliisha nguvu.

Aliyemrudisha ni mwalimu wake wa zamani, mwanamke mfupi ambaye sauti yake hufika kabla yake. Aliletwa chumba cha eksirei akichechemea, farasi amemkanyaga mguu.

"Wewe! Kumbe umejificha huku kwenye giza?" mwalimu akafoka kutoka mezani. "Njoo Jumamosi."

"Mimi naogopa farasi, mwalimu."

"Njoo uogope karibu, basi."

Akaenda, akijiambia atatazama tu. Lakini mwalimu si mtu wa kutazamwa tu. Kabla hajajua afanye nini na mikono yake, amekwisha kupewa hatamu za farasi wa kahawia, mnene, aliyeitwa Shemeji kwa sababu ya kuzoeana na watu kabla ya kukaribishwa. Shemeji alimpekua mfuko wa koti, akakosa karoti, akapiga chafya begani mwake. Yeye akapanda. Akazunguka uwanja mara nyingi akisubiri magoti yake yaishe nguvu, na yakakataa.

"Umeshinda na nani leo?" mumewe alimuuliza jioni, akinusa hewa.

"Na Shemeji."

"Shemeji gani huyo ananuka hivi?"

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Kila Jumamosi alijiambia kwamba hofu itakuja viunzi vikipandishwa. Viunzi vikapandishwa. Basi labda itakuja mvua ikinyesha na ardhi ikiteleza. Ikanyesha, ikateleza, akaruka, akarudi nyumbani na matope mpaka masikioni, anaimba. Usiku akashindwa kulala. Mtu akikosa alichokizoea, hata kama ni kibaya, hutafuta. Na yeye alitafuta kama anayepapasa miwani iliyo usoni. Mwishowe akaona hakuna dawa ila mashindano. Akakata shauri: hofu ikija akaishinda, atarudi kwenye mchezo wake moja kwa moja. Ikimshinda, atavua buti siku hiyo hiyo na hatagusa farasi tena mpaka anaingia kaburini. Kama isipokuja kabisa afanye nini, hilo hakulipanga.

Mama yake aliposikia, hakugomba. "Nitakuja," alisema. "Ukianguka nani atakuwepo?" Akakaa benchi la mbele, mkoba mapajani, mgongo umenyooka.

Kabla ya mashindano wapandaji huruhusiwa kuingia uwanjani kwa miguu, waikariri njia: kiunzi kipi kinafuata kipi, na wapi pa kukata kona. Mpiga eksirei alitembea mpaka kiunzi cha tano. Kilikuwa na miti myekundu na myeupe, kama kile cha zamani. Akasimama mbele yake kwa muda, akakishika, akamkumbuka kwa makusudi farasi wa siku ile na sauti ya mfupa. Tumbo lake likanguruma. Alikuwa na njaa, basi.

"Mwalimu," akanong'ona, "mimi sina hofu."

"Hongera."

"Hunielewi. Ningekuwa nayo ingekuwa afadhali. Sasa nilikuwa nakaa nyumbani kwa ajili gani?"

Mwalimu akamtazama juu mpaka chini. "Wewe akili zimekuruka. Nenda kapande farasi."

Kengele ikalia, akaingia. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, Shemeji akivipita kama mtu anayeruka mfereji kuwahi chakula. Kisha cha tano kikawa mbele yao. Sasa, akajiambia, sasa inakuja. Akalegeza hatamu, akainama, farasi akanyanyuka, na mara wakawa upande wa pili.

Alitakiwa kukata kulia kwenda cha sita. Njia aliijua vizuri. Lakini alikuwa amechanganyikiwa mno kuweza kuendelea tu. Nimeruka kweli? Au nilifumba macho? Haiwezekani jambo lililomla miaka yote hiyo liwe jepesi hivi. Lazima kuna mahali amekosea. Akavuta hatamu ya kushoto. Shemeji akashangaa, akatii, akazunguka, na wakakiruka kiunzi cha tano kwa mara ya pili, huku watazamaji wakiguna wote kwa pamoja. Safari hii alikodoa macho mwanzo mpaka mwisho. Hakuona hofu. Aliona furaha, kubwa, isiyo na haya, na hiyo ndiyo iliyomshtua.

Kengele ikalia tena. Ametolewa. Kwenye kipaza sauti wakatangaza kwamba mpandaji amepotea njia.

"Umesahau!" mwalimu akapiga kelele langoni.

"Sikusahau," akasema, na asiweze kueleza zaidi.

Mama yake akaja akipenya katikati ya watu. "Si unaona?" akasema taratibu, akimwekea mkono gotini, yeye bado yuko juu ya farasi. "Hofu imekuvuruga kichwa. Usione haya, mwanangu. Twende nyumbani, yaishe."

Hapo goti likaanza kutetemeka. Mpiga eksirei alihisi na karibu ashukuru: ndiyo hii, imefika, ilichelewa tu. Kisha akatazama chini. Goti lake lilikuwa limetulia. Kilichotetemeka ni mkono wa mama, kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko.

Akashuka. Akakumbuka kitanda cha hospitali, mkono umefungwa shingoni, akimuuliza muuguzi atapanda tena lini. Na mama mlangoni, akiwaambia wageni, "Msimtajie farasi, mtoto anaogopa sana." Naye, kalewa dawa za maumivu, akasikia na kuwaza: kumbe naogopa.

"Mama, mimi nilisema lini kwamba naogopa?"

"Ulikuwa unaogopa."

"Nilisema lini?"

"Hukusema. Mimi ndiye niliyekuona ukienda chini. Wewe hukujiona."

"Mbona hukuniambia hofu ni ya kwako?"

"Ungenipa pole, ukanikumbatia, ukarudi kwa farasi wako. Ungeniacha nayo peke yangu."

Hasira zikampanda mpiga eksirei mpaka masikio yakawaka. Miaka yote ile! Alitaka kumpigia mama yake kelele mbele za watu, na wakati huo huo alitaka kumficha ndani ya koti lake. Akabaki ameushika ule mkono, na haukuacha kutetemeka.

"Utarudi kupanda?" mama akauliza.

"Nitarudi."

"Na mimi je?"

"Nitakuacha nayo, mama," akasema, na machozi yakamtoka.