Koti la Muriel

Kila Jumapili Muriel, mke wa kaka yake Enid, alikuja kunywa chai kwa Enid mjini Barnsley, Uingereza, na hakuvua koti. "Nyumba yako ina baridi, wifi," alisema. Enid akameza matusi hayo miaka mingi, kisha akamwita fundi.

Fundi Garth alipapasa radieta za ukutani, zile zinazopitisha maji ya moto kupasha nyumba joto. "Juu moto, chini baridi kama pua ya mbwa. Matope ya kutu hayo, mama." Akaunganisha pampu, akazigonga radieta moja moja kwa nyundo ya mpira, kwa unyenyekevu wa kasisi anayebariki ng'ombe. Maji yakatoka meusi kama wino, na sumaku yake ya kunasia kutu ikaota ndevu.

Jumapili iliyofuata sebule ilikuwa tanuri. Muriel akajipepea kwa sahani ya keki, koti mwilini. Enid, kwa upendo wa Kikristo, akaongeza moto.

"Vua, wifi. Utaiva."

Hatimaye Muriel akalivua. Ndani alikuwa na sweta nene ya kijani ya marehemu mama yake Enid, ile iliyopotea siku ya mazishi.

Enid akammiminia chai. "Imekupendeza," akasema. "Nayo ivue."