Foleni Mbili za Cherbourg

Wesley Gracey aliichagua bandari ya Rosslare kwa sababu mbili, na alimweleza mkewe moja tu.

Aliyomweleza ilikuwa sababu ya busara. Tangu Uingereza ijitoe katika Umoja wa Ulaya, ile njia ya zamani, ya kuvuka kwa feri kutoka Larne hadi Uskoti na kisha kuishuka Uingereza yote kwa barabara mpaka Dover, ilikuwa imepoteza ladha yake. Foleni za Dover zilikuwa zimerefuka, na upande wa pili, Calais, maafisa waliweza kukufungulia friji na kutupa nyama na maziwa yako kwa kuwa yametoka nje ya Umoja. Wenye makaravani, yale magari yenye vitanda na jiko ndani, walikuwa wakihamia kwenye meli zinazotoka kusini mwa Ireland moja kwa moja hadi Ufaransa. Nauli ilikuwa kubwa na malori yalijaa humo kama mifugo sokoni, lakini mtu alilala, akaamka, akakaribia Cherbourg na soseji zake zikiwa salama.

Sababu ya pili ni kwamba Rosslare hakuna aliyemjua.

Wesley alikuwa mkulima wa matufaha karibu na Loughgall, katika jimbo la Armagh, na mzee wa kanisa la Kiprotestanti, la watu wanaojihesabu Waingereza, kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto waliokuja kubatizwa mbele yake sasa walileta watoto wao. Wakati wa kampeni ya kujitoa, yeye na rafiki yake Ivan Purdy walipigilia mabango ya Kujitoa kwenye kila nguzo ya lango kutoka kijijini hadi Portadown. Na jioni moja, katika ukumbi wa kanisa, Wesley alisimama akasema kwamba mtu wetu atakayekwenda kuomba pasipoti ya Dublin, yaani ya Ireland, ili apite upesi mipakani ni mtu anayeuza kaburi la babu yake. Alipigiwa makofi. Alikumbuka hasa kwamba Ivan ndiye aliyeanza kuyapiga.

Kwetu, aliyezaliwa Ireland ya Kaskazini, sehemu iliyo chini ya Uingereza, anaweza kushika pasipoti ya Uingereza, au ya Ireland, au zote mbili kwa pamoja. Sheria haimuulizi kwa nini. Wanaouliza ni majirani.

Kisha mapafu ya mkewe, Olive, yakaharibika. Daktari alisema majira ya baridi ya Armagh, ukungu wake na unyevu wake, yatammaliza, na kwamba afadhali akae penye jua na hewa kavu tangu Oktoba hadi Aprili. Walikuwa na karavani, na walikuwa na nafasi ya kuegesha kusini mwa Uhispania. Kilichokosekana ni ruhusa. Mwenye pasipoti ya Uingereza sasa alikuwa mgeni Ulaya, na mgeni hupewa siku tisini.

Olive aliomba pasipoti ya Ireland siku ileile aliyopata habari, akaacha ile ya Uingereza iishe muda wake bila kuihuzunikia. "Mapafu yangu hayana bendera," alisema, akaenda kupiga picha Newry.

Wesley naye aliomba yake, ila kimyakimya. Alihitaji mtu wa kuthibitisha kwamba sura iliyo pichani ni yake. Alimkwepa mchungaji wake, akamkwepa na daktari wa familia, akaishia kwa daktari wa mifugo, Mkatoliki wa parokia ya mbali aliyewahi kumtibia mbwa wake. Yule bwana alisaini bila kutabasamu. "Mwaka huu, Bwana Gracey," alisema, "nimeona wazee wa kanisa wengi kuliko ng'ombe."

Basi ndivyo walivyofika Rosslare, wakapanda meli, na Wesley akashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Dublin. Alikuwa amebeba sinia la chakula katika mkahawa wa meli aliposikia sauti nyuma yake.

"Wesley Gracey. Hata baharini unatia chumvi kabla ya kuonja."

Ivan Purdy alikuwa fundi wa matrekta aliyestaafu, mtu mpana, mwenye mazoea ya kumwita kila mwanamume "kijana," hata waliomzidi umri. Mkewe Norah alikuwa pembeni yake na mfuko wake wa sufi ya kufumia. Haikuwezekana kukaa meza nyingine.

"Nilidhani wewe ni mtu wa Larne," alisema Ivan.

"Larne siku hizi ni usumbufu."

"Usumbufu tuliupigilia misumari wenyewe, kijana." Ivan alicheka, akatoa mfukoni pasipoti yake mpya, akaiweka kando ya kikombe. "Tazama. Buluu, kama tulivyoahidiwa tukijitoa. Kila nikiitoa, Mfaransa ananiuliza nitaondoka lini. Ni kama kufika arusini ukaonyeshwa mlango wa kutokea kabla hujapewa kiti."

"Sisi tunakaa wiki sita tu," alisema Norah. "Ivan hataki kuwapa sababu ya kumfukuza."

"Na nyinyi?" aliuliza Ivan. Alikuwa akimimina chai na hakuinua macho. "Mnakaa mpaka lini?"

"Mpaka Krismasi hivi," alisema Wesley.

Olive aliuweka uma wake mezani.

"Krismasi. Haya." Ivan alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. "Nimeuliza tu, maana shemeji kifua chake tunakijua. Na mtu akitaka kukaa zaidi, siku hizi njia zipo. Wengi wametengeneza mambo yao. Mimi simlaumu mtu."

Wesley alilisikia neno hilo, na akalielewa kuwa ni mtego. Hapo ndipo mwanadamu aliyezoea kuhukumu anapojidhuru, kwa kuwa hata huruma huisikia kama mashtaka. Alijibu kwa sauti ileile ya ukumbini. "Kila mtu na dhamiri yake, Ivan."

"Sawa, kijana. Kila mtu na yake."

Olive alianza kukohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu, na Norah alihama kiti akamsugua mgongo mpaka kikapita. Hakuna aliyetaja safari tena. Walizungumzia bei ya matufaha.

Chumbani, Olive alikaa ukingoni mwa kitanda na dawa yake ya kuvuta mkononi. "Kwa nini hukumwambia?"

"Pale si mahali pake."

"Mahali pake ni wapi?"

Wesley alivua viatu kwa uangalifu mwingi, kama kwamba kazi hiyo ilihitaji akili yake yote.

Cherbourg iliwapokea kwa mvua. Malori yalitoka kwanza, kisha makaravani, moja nyuma ya jingine, na la Ivan likatangulia la Wesley. Mbele yao njia iligawanyika. Kushoto kulikuwa na kibao chenye nyota za Umoja wa Ulaya, na magari yalipita pale karibu bila kusimama. Kulia kulikuwa na kibao cha pasipoti nyingine zote, na pale mambo yalikwenda polepole. Ivan aliingia kulia, akatoa mkono dirishani, akawapungia wamfuate.

"Yetu ni ya kushoto," alisema Olive.

"Nimeiona."

"Wesley."

Alikata usukani kulia.

Katika magari yetu usukani uko kulia, na vibanda vya Ufaransa viko kushoto, kwa hiyo aliyekuwa dirishani ni Olive. Afisa alikuwa binti mwenye miwani, mpole. Gari la Ivan lilikuwa limeelekezwa kusogea kando, hatua chache mbele ya kibanda, na Ivan mwenyewe alisimama mvuani akimwonyesha afisa mwingine bima yake na tiketi yake ya kurudi, kofia ya koti ikimfunika nusu ya uso. Angeweza kusikia kila neno.

Ndani ya koti la Wesley mlikuwa na pasipoti mbili. Ile ya Uingereza ilikuwa ya zamani, nyekundu iliyoiva, na kwa mbali ungeidhani pacha wa ile ya Ireland. Aliitoa ile ya Uingereza, akampa mkewe aipitishe dirishani pamoja na yake. Olive aliitazama, akamtazama na yeye. Kisha akaipitisha.

"Bibi ni raia wa Ireland," alisema yule binti, akizifungua. "Bwana ni Mwingereza. Mnakaa muda gani?"

Wesley alimtazama Ivan kule mbele.

"Tiketi ya kurudi mnayo?"

Olive alitoa tiketi. Binti aliisoma, akasoma tena tarehe. "Bwana, hii ni ya Aprili. Bibi anaweza kukaa. Wewe una siku tisini tu."

Wesley alimwona Ivan akiinua kichwa. Kitu kilichokuwa mfukoni mwake, kitu cha halali, chenye jina lake na picha yake, kilikuwa karibu na moyo wake kiasi kwamba alihisi ukingo wake kila alipovuta pumzi. Alifungua mdomo akiwa hajui atakachosema.

"Mimi nitarudi mapema," alisema. "Kwa ndege, wakati wa Krismasi. Atakayebaki ni mke wangu."

"Peke yake? Na gari kubwa hivi?"

"Amezoea."

Yote hayo aliyasema mbele ya uso wa Olive, kwa kuwa ilimbidi ainame kumwelekea afisa. Olive hakugeuka. Aliangalia vifutio vya kioo vikienda na kurudi. Katika maisha yao yote hakuwahi kuliendesha lile gari kupita lango la shamba.

Binti alimgeukia yeye. "Ni kweli, bibi?"

"Ndivyo mume wangu anavyosema."

Hapo Ivan alikunja karatasi zake, akawapa mgongo, akazunguka hadi upande wa pili wa karavani lake. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana chini ya gari, ikilipiga teke gurudumu moja, kisha la pili. Mtu aliyeishi kwa kutengeneza magurudumu hayakagui kwa teke. Wesley alielewa, au alidhani ameelewa, na shukrani ikamjaa kifuani hata macho yakamwuma. Rafiki yake alikuwa amemwachia nafasi. Aliingiza mkono ndani ya koti.

"Samahani," alisema. "Ninayo nyingine."

Binti alizilinganisha zile mbili bila mshangao wowote, akarudisha zote, na hakuna hata moja aliyoigonga muhuri. "Ungepita kushoto, bwana," alisema. "Kule ni haraka zaidi."

Ilikwisha kirahisi namna hiyo. Wesley alilipeleka gari mbele polepole, akitafuta jambo la kumwambia mkewe, na kila alilolipata lilikuwa na neno "lakini" ndani yake.

Nje ya lango la bandari palikuwa na uwanja wa maegesho. Ivan alikuwa ameegesha pale na kushuka, anangoja. Wesley alisimamisha gari, akamwendea.

"Tunarudi Aprili," alisema. "Sote wawili."

"Najua. Norah alimwona shemeji Newry mwezi wa nane, anapigwa picha. Wewe nilikukisia tu. Ningekuona mjinga kama usingeitafuta."

"Kumbe ulijua jana."

"Jana nilikufungulia mlango, kijana. Ukaufunga, tena kwa komeo."

"Nilidhani utanidharau."

"Kwa pasipoti? Norah ananisumbua kila wiki niombe yangu." Ivan alijifuta mvua usoni. Hakuwa akicheka.

"Basi nakushukuru," alisema Wesley. "Kwa kunigeuzia mgongo pale. Ulinisitiri."

Ivan alimtazama kama mtu anayepima iwapo jambo fulani lisemwe au liachwe.

"Sikugeuka ili nikusitiri," alisema. "Uliposema mgonjwa abaki peke yake ugenini, nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi. Niligeuka kwa sababu sikuweza kukutazama."

Norah aligonga kioo kwa ndani. Ivan akampa Wesley mkono, kwa kuwa walikuwa watu wa kupeana mikono, akapanda gari lake, likaondoka.

Wesley alirudi na maji yakimtiririka shingoni. Olive alikuwa bado ameketi kama alivyomwacha, pasipoti zote tatu zikiwa mapajani mwake.

"Amesemaje?"

Wesley alikuwa na jibu tayari, kwamba Ivan amewatakia safari njema. Lilifika mpaka kwenye meno. "Amesema hakuweza kunitazama," alisema.

"Hata mimi."

Mvua iligonga paa. Olive alizipanga zile pasipoti, akazigeuza, akazipanga upya. "Unajua nilichokuwa nikifikiri pale? Nilikuwa napanga. Gesi inabadilishwaje, maji ya kunywa nitayajaza wapi, nani atanisaidia kufunga hema la mlangoni upepo ukivuma. Sikuwa na hasira hata kidogo. Nilikuwa nimeshaanza kuishi bila wewe, Wesley, na niliona ningeweza."

"Olive, nisamehe."

"Shuka. Tubadilishane viti."

"Barabara huku ni upande wa kulia, hujazoea."

"Yule binti umemwambia nimezoea."

Alishuka, akazunguka mbele ya gari kwenye mvua, na katikati wakapishana bila kugusana. Kiti cha kushoto kilikuwa bado na joto la mkewe. Olive alisogeza kiti mbele, akarekebisha kioo, akavuta dawa yake mara moja na kungoja kifua kitulie. Kisha akawasha gari, akatoka nalo uwanjani taratibu, akiegemea sana katikati ya barabara.

"Kaa kulia," alisema Wesley. "Kulia zaidi."

"Naona."

Mbele yao barabara ya kwenda kusini ilikuwa imejaa malori yaliyotoka kwenye meli ileile, nayo hayakuwa na haraka. Olive alijipanga nyuma ya mojawapo, mikono yake miwili ikiwa imeushika usukani, na Wesley akakaa na pasipoti mapajani, akiwa hana la kufanya ila kupelekwa.