Salfa Kwenye Mrehani wa Ziada

Serikali ilipompunguza kazini Lameck mwaka 1994, ilichukua pikipiki na ikachukua funguo za ghala, lakini jina ikamwachia. Kijijini waliendelea kumwita Bwana Shamba, naye akaendelea kuitika. Tena aliitika haraka kuliko zamani, maana mtu aliyenyang'anywa vingi hukishika kwa mikono miwili hicho kidogo alichobakiziwa.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mtu mfanyabiashara. Salfa, dawa ya unga ya mikorosho ambayo zamani ililetwa na chama cha ushirika, sasa iliuzwa Newala mjini na yeyote mwenye kaunta, na mwenye kaunta ndiye akawa mtaalamu. Hilo lilimuuma Lameck kuliko hata pikipiki. Yeye mzaliwa wa Chiwata, kasoma sekondari ya Chidya, kasomea kilimo miaka miwili mizima, halafu mkulima anakwenda kuulizia ugonjwa wa mkorosho kwa muuza betri na biskuti! Basi kila alipompata wa kumsikiliza, hakumwachia.

Ndivyo alivyoingia uani kwa jirani yake Sikudhani, asubuhi moja ya Julai, bila kuitwa.

Sikudhani, ambaye wote walimwita Mama Ziada, alikuwa ameinama nyuma ya jiko, akiunyunyizia maji mrehani wake kwa kata. Mrehani ule ulipandwa na binti yake, Ziada, aliyefariki mwaka uliotangulia kwa uzazi, yeye na kichanga chake. Mirehani mingine ipo tele Newala, lakini huo ndio ulikuwa kitu pekee chenye uhai kilichobaki kutoka mkononi mwa Ziada. Kila Ijumaa mama alikata vitawi viwili, akaenda kuviweka kaburini.

"Una nini huo?" Lameck aliuliza, baada ya salamu.

"Hata sijui, Bwana Shamba. Majani yanajikunja, yananata, na sisimizi hawaishi kupanda. Nauosha kwa maji ya kufulia. Marehemu mama alikuwa akiufanyia hivyo mchicha."

Huku juu maji hufuatwa bondeni, na dumu moja hufanya kazi tatu kabla halijamwagwa. Lameck hakuona ajabu kwa hilo. Alichokiona ni unga mweupe juu ya majani, na mtu aliyehangaika na mikorosho miaka kumi na minne akiona unga mweupe huwaza jambo moja tu.

"Huo ni ubwiriunga," alisema, kwa ile sauti yake ya mikutano. "Ugonjwa wa mikorosho umehamia hapa. Na hayo maji ya sabuni acha leo hii, yataunguza. Nitakuletea salfa."

Hakugeuza hata jani moja. Kuinama tu na kuangalia upande wa chini, kazi ya kumeza mate, na Bwana Shamba hakuifanya.

Kesho yake alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, alikuja na salfa yake ya akiba, akaitia kwenye kitambaa chepesi na kuukung'utia mrehani mpaka ukawa wa manjano. Siku ya tatu akarudi kuongeza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Sikudhani alikuwa amemsifu mno, mpaka kwa majirani. Mwenyewe aliacha maji ya kufulia, akawa anaunywesha mrehani maji safi ya dumu, yale ya kunywa.

Wiki ile jua liliwaka kweli kweli. Siku ya tano majani yalianza kubabuka. Ilipofika siku ya saba kichaka kilikuwa kahawia, na ukikigusa kinapukutika.

Wanawake wa jirani walikuja kumpa pole kama mtu aliyefiwa mara ya pili. Lameck akaitwa. Alipotupia jicho tu, alijua. Salfa ikizidi na jua likiwa kali huunguza majani laini. Maneno hayo alikuwa akiwaambia wakulima kila msimu. Lakini uani pamejaa, macho yote kwake, na mdomo ukatangulia.

"Ni sabuni," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barazani. "Nilikukataza, Mama Ziada. Ilishaingia kwenye mizizi. Salfa ingefanya nini hapo?"

Sikudhani hakubisha. Aliukusanya upindo wa khanga yake, akautazama mrehani.

"Kweli," alisema. "Niliumwagia siku nyingi kabla hujaja. Nimeuua kwa mkono wangu mwenyewe."

Lameck alirudi nyumbani akiwa na heshima yake yote, na hakujua pa kuiweka. Aliona aibu akinawa, akaona aibu akisalimiwa. Watoto wakimwamkia "shikamoo, Bwana Shamba", alijibu marahaba akitazama chini. Jumapili kanisani walipofika pale pa kuungama dhambi, alifumbua midomo kwa ajili ya jirani wa benchi, lakini sauti haikutoka. Kuna aibu ya kuumbuliwa na kuna aibu ya kutoumbuliwa, na hii ya pili ndiyo inayokula ndani.

Siku ya kumi na moja tangu aseme uongo ule, wakila chakula cha mchana, mkewe Selestina alisema, "Baba Alfredi, nimekutana na Mama Ziada anatoka makaburini, mikono mitupu. Anasema kila siku anakwenda kumwomba mtoto radhi. Amekonda, masikini."

Lameck aliuacha ugali. Alinawa, akatoka.

Sikudhani alikuwa ameteremka bondeni kufuata maji. Lameck alipita nyuma ya jiko, akapiga magoti mbele ya ule mrehani uliokufa. Chini kabisa, upande uliokingwa na ukuta, palikuwa na kitawi kimoja bado kibichi. Safari hii aligeuza jani.

Vidukari walikuwa wamejazana chini yake, wale ambao wakulima huwaita wadudu mafuta. Wengine walikuwa na salfa mgongoni na wanafyonza bila wasiwasi. Ule unga mweupe ulikuwa magamba yao, waliyoyavua wakikua. Kunata ni uchafu wao mtamu, na sisimizi waliufuata huo. Na dawa yao, ambayo Lameck aliwahi kuiandika ubaoni mbele ya wakulima, ni maji ya sabuni chini ya majani, siku chache mfululizo. Mama wa watu alikuwa anautibu mrehani wake. Yeye ndiye aliyemzuia.

Alitafuta maji pale jikoni, akakuta yaliyooshewa vyombo, bado yana povu. Akayachota, akaanza kukiosha kile kitawi jani kwa jani, kwa ncha za vidole, akigeuka geuka kama mwizi wa kuku.

"Bwana Shamba," sauti ilisema nyuma yake. "Hiyo si sabuni?"

Sikudhani alikuwa amesimama na dumu lake kichwani. Lameck angeweza kutunga neno jingine la uongo. Lilikuwa limeshamfika ulimini, nalo lilikuwa zuri. Akalimeza.

"Mama Ziada, sabuni ilikuwa sawa. Walikuwa wadudu, si ugonjwa. Aliyeuunguza ni mimi na salfa yangu. Na siku ile mbele za watu nilijua."

Sikudhani alitua dumu chini taratibu, asimwage hata tone.

"Siku kumi na moja," alisema. "Siku kumi na moja namwomba mwanangu radhi kwa kosa lako."

"Nisamehe, mama."

"Mimi na wewe tutaongea baadaye. Lakini yeye anajua aliyeuua ni mimi. Twende ukamwambie."

Waliongozana. Makaburi yalipakana na mashamba ya mikorosho, na watu walikuwamo wakipalilia chini ya miti, akiwemo mmoja au wawili wa wale wanawake wa uani. Lameck hakujua kama Mkristo anatakiwa kuvua viatu kwenye makaburi ya Waislamu. Akavivua. Huyu aliyezoea kuhutubia vijiji vizima alisimama mbele ya kifusi kidogo cha udongo.

"Ziada, mwanangu," alisema, karibu kunong'ona. "Ni mimi, Lameck. Mama yako hakuuua mrehani wako. Niliuunguza mimi, kisha nikamsingizia."

Akamtazama Sikudhani.

"Sema kwa sauti," Sikudhani alimwambia. "Siku ile uani ulisema kwa sauti."

Lameck alivuta pumzi, akaanza upya, kwa ile sauti yake ya mikutano. Chini ya mikorosho jembe moja likanyamaza, kisha jingine, na yeye alikuwa bado hajafika mwisho.