Bluu ya Lori la Dereva

Mtaa mzima ulimwita Mama Rangi, na jina lilimkaa vizuri. Miaka thelathini alichovya vitambaa vya watu, na hakuna mteja aliyewahi kumsikia akiomba radhi. Ukilalamika kwamba zambarau yako imekolea mno, atakuuliza macho umeyapima lini.

Ndiyo maana mumewe, Dereva, aliyestaafu juzijuzi, hakuwa na wasiwasi hata chembe alipomkabidhi vipande vyeupe vya nailoni vya lori lake dogo la kuchezea, la rimoti: kichwa, milango na bampa. Alitaka bluu hafifu, ileile ya lori aliloliendesha miaka ishirini na miwili, kabla kampuni haijalikata vipande na kuliuza kama chuma chakavu. Hakubaki hata na picha yake. Jumamosi angekwenda uwanjani kuwaonyesha wenzake wa mtaani, na hao lile lori walilijua kama wanavyojua nyumba zao.

Mama Rangi alichemsha maji kwenye sufuria yake ya kazi, akatia rangi, akadondosha siki, akatumbukiza vipande. Baada ya dakika tano akaviinua kwa upawa. Bluu ilikuwa yenyewe hasa. Akavirudisha. Kitambaa kibichi hudanganya. Kikikauka hupauka, kwa hiyo fundi hukizidishia. Mikono yake ilijua hivyo, na kichwa hakikuulizwa. Akaongeza dakika kumi, huku akiimba.

Kumbe plastiki haipauki. Vipande vilikauka vikiwa vimekolea karibu na weusi, na nailoni ikishakunywa rangi haitapiki. Alivisugua kwa sabuni, akavisugua kwa ndimu, akavitolea na maneno makali. Wapi! Akakaa kwenye kigoda akiona aibu, aibu ya kweli, maana safari hii mteja alikuwa na haki.

Mumewe aliporudi, Mama Rangi hakuzunguka maneno. "Nimekosea, mume wangu. Nimekuharibia lori lako."

Dereva alivigeuzageuza vipande mkononi, kisha akauliza bisibisi iko wapi. Akaifunga milango kwenye lori, mmoja baada ya mwingine.

Jumamosi Mama Rangi alimfuata uwanjani kwa nyuma. Wenzake wakalizunguka lori. Kinyozi, mtu asiyeuma maneno, alisema lile la zamani halikuwa jeusi hivi, akataka kujua nani kalichovya kwenye wino.

Mama Rangi akatazama viatu vyake.

"Mke wangu," alisema Dereva. "Na hajakosea. Ninyi mlikuwa mnaliona na vumbi la safari. Hii ndiyo rangi yake likishaoshwa, na mwoshaji nilikuwa mimi."

Wakatazamana, wakakubali mmoja mmoja. Kinyozi hata akadai aliwahi kuliona hivyo siku moja baada ya mvua. Ule wa mumewe ulikuwa uongo mtupu, na katika ndoa yao yote Mama Rangi hakuwahi kupewa zawadi iliyomgusa kama huo. Akasogea mbele, akasimama ubavuni pa mumewe.